Jiwe Lililofunguliwa Bila Mwenyewe

Mpelelezi Honorine Chama aligonga geti mara ya tatu, na mara ya tatu hakuna aliyefungua, ingawa chini ya geti aliviona viatu vya mtu vimesimama palepale.

"Viatu ya brun," alisema kwa sauti. "Inaangaza muzuri. Nabiona. Fungua."

Viatu vilisita, kisha komeo likalia. Faustin, mkwe wa marehemu Mzee Aaron Mumba, alitoa kichwa kwanza, halafu bega, halafu akaijaza nafasi yote ili mtu asipite. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hata kwenye kola. Watu wa Golf, mtaa wa wenye nazo, wamezoea polisi wa kuitwa. Polisi wa kujileta wanawachefua.

"Madame l'OPJ, tuko mu kilio. Muuaji mulishamukamata. Mulikuya kutafuta nini tena?"

"Dakika makumi ine."

"Comment?"

"Niliitafuta mu dossier yote, sikuione. Labda iko ku atelier ya muzee, mule mu karakana. Utatupisha, ao niite bantu ya kutupisha?"

Faustin alisogea nusu hatua. Nyuma ya Honorine aliingia polisi Kiki na mkoba wake wa vipimo. Nyuma ya Kiki aliingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitambaa kichwani, vumbi jeupe la mawe kwenye kingo za kucha. Faustin alipomwona akamweka mkono kifuani.

"Uyu haingie. Uyu njo dada ya ule muuaji."

"Toa mukono," alisema Honorine. "Najma ni mukata mawe kama kaka yake. Niko na lazima na yeye. Mukono, Papa Faustin."

Mkono ukashuka, lakini taratibu, ili kila mtu aone kwamba umeshushwa kwa kupenda.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliokuwa ukimkera Honorine. Mzee Aaron alistaafu kazi ya maabara mgodini, na tangu hapo maradhi yake yalikuwa mawe: kuyakusanya, kuyabadilishana na wenziwe, kuyakata na kuyang'arisha. Jumamosi alikutwa amekufa katika karakana yake nyuma ya nyumba, kichwa kimepasuliwa kwa bonge la malakiti, jiwe la kijani. Faustin ndiye aliyemkuta, saa kumi na moja, kwa maelezo yake mwenyewe. Mapema, saa nane na nusu, binti wa marehemu, Edith, mke wa huyo Faustin, alimpelekea baba yake chai akamkuta anagombana na Abibu, mkata mawe wa mtaa uitwao Kenya. Abibu aliondoka kabla ya saa tisa. Commandant, mkuu wa Honorine, alijumlisha mambo haya haraka kama mtu anayewahi chakula kabla hakijapoa: Abibu ameua, kisha ameenda zake. Kwamba saa tisa na nusu Abibu alikuwa msikitini kwao Kenya, ndani ya safu, watu wazima arobaini wakimwona, hakukumsaidia kitu. Aliua kwanza, alisema Commandant, akasali baadaye.

Leo Jumatatu, saa tisa kamili, jeep ingempeleka gerezani. Honorine alikuwa ameomba siku moja zaidi, akapewa kicheko. "Plainte, mashitaki yenyewe, ni ya famille," Commandant alimwambia. "Famille ikiondoa plainte yake, namushusha. Isipoiondoa, anaenda." Na karatasi ya kumkamata Abibu ilikuwa na saini ya Honorine mwenyewe, aliyoitia Jumamosi jioni akiwa amechoka na anataka kwenda nyumbani. Aibu hiyo ndiyo iliyomrudisha hapa. Saa yake ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi.

Edith aliwakuta mlangoni mwa karakana. Alikuwa amefunga kitenge cheusi, macho yamevimba, na hakumsalimia yeyote.

"Mama Edith, pole na kilio."

"Pole yako ulishaiacha samedi, Jumamosi ya kilio. Uyu anafanya nini ku nyumba ya papa?" Kidole chake kilimlenga Najma. "Kaka yako alikunywa chai yangu, Najma. Mu kikombe yangu. Sura unaileta wapi?"

"Kaka yangu hakumuue papa yako, Mama Edith."

"Nyamaza."

"Sinyamaze. Alikuwa anamuita papa na yeye."

Edith aliinua mkono. Kiki akajipenyeza katikati yao na mkoba wake, akaomba radhi kwa wote wawili bila kumwangalia hata mmoja.

Karakana ilikuwa chumba kirefu cha matofali, mbali na nyumba kubwa kiasi kwamba ukiwa jikoni husikii kinachofanyika humo. Kuta tatu zilikuwa zimejaa rafu za mawe: malakiti za kijani, akiki za Botswana zenye mistari ya kijivu, akiki nyekundu za Malawi, yote yamekatwa na kung'arishwa. Chini ya kila jiwe kulikuwa na kikaratasi kwa mwandiko wa marehemu. Honorine alikuwa amevisoma vyote jana, kimoja baada ya kingine, mpaka mgongo ukamuuma.

Katikati ya chumba ulikuwa msumeno. Mzee Aaron aliuunda mwenyewe kwa mota ya pampu ya maji na diski nyembamba yenye vumbi la almasi ukingoni. Chini yake beseni la maji ya sabuni la kuipoza diski. Mbele yake kigari kidogo chenye jiliwa, na jiliwa ndilo linalobana jiwe. Kigari hakisukumwi na mtu. Kinavutwa na kamba inayopita kwenye kapi na kushuka ukutani, na mwisho wa kamba umening'inizwa mfuko wa mchanga wa kilo mbili. Uzito haubadiliki, basi na mwendo haubadiliki.

Kwenye jiliwa lilibanwa jiwe la Abibu, diski imezama ndani yake. Wenyewe huliita yai. Kwa nje ni donge baya kama kiazi kilichosahauliwa shambani. Ndani huenda ukakuta akiki, huenda ukakuta tope. Hayupo anayejua, na raha yote ya mchezo iko hapo: watu hubadilishana mayai yakiwa yamefumba. Hili Abibu alilipata kwa mkata mawe mwenzake wa Malawi, naye Jumamosi akambadilishia Mzee Aaron.

"Najma," alisema Honorine, "baambie sheria yenu."

"Jiwe yenye kufunga haifunguliwe na muntu mumoja," alisema Najma. "Mwenye kuleta na mwenye kupokea, bote babili banasimama apa, banaangalia. Ukiifungua peke yako, ni kama umeiba. Njo maana baligombana. Abibu alitaka bafungue palepale. Papa Aaron akasema hapana, courant ya leo siiamini, umeme inakatika-katika, ukuye dimanche, Jumapili asubui. Abibu akakasirika, akaenda."

"Habari ya muuaji," alisema Faustin.

"Na habari ya vikaratasi," alisema Honorine. Alichukua kimoja rafuni, kisha kingine. "Muzee aliandika kila jiwe ilifunguliwa siku gani, na nani na nani. Vikaratasi mia mbili na kumi na mbili. Kila moja iko na majina mbili. Hakuna ata moja yenye jina moja. Saba tu muzee alifuta jina ya pili na wino mweusi. Mbele na nyuma. Ata kwa taa sikuweze kusoma."

Edith aliviangalia vikaratasi kama mtu anayeonyeshwa barua za mzazi wake kwa mara ya kwanza. Faustin aliangalia saa yake.

"Sasa muzee mwenye vikaratasi mia mbili," Honorine aliendelea, "samedi anaamka na kufungua jiwe ya Abibu peke yake? Mi naona hapana. Kama si yeye, ni nani aliiweka apa? Mama Edith, courant ilikatika saa ngapi?"

"Seize heures dix. Nilikuwa napiga pasi."

"Una hakika?"

"Niliangalia saa juu ya hasira. Nguo ilibakia nusu."

"Saa kumi na dakika kumi. Ilirudia busiku, na sisi polisi tulishachomoa waya ya machine ku ukuta saa kumi na mbili. Kwa hiyo hii machine ilisimama kwa ile saa tu. Kiki."

Kiki alikuwa na picha za Jumamosi, na vipimo alivyovichukua Jumamosi, na vipimo alivyovichukua upya sasa hivi kwa sauti ili wote wasikie. Mfuko wa mchanga kilo mbili. Jiwe sentimita nane. Mkato sentimita nne.

"Tunaiwasha," alisema Honorine, ingawa asubuhi Najma alishamkadiria jibu. "Tunaona sentimita moja inakula dakika ngapi. Hesabu ya mutoto ya primaire."

"Na kama tunakataa?" aliuliza Faustin.

"Mutakataa nini? Kuangalia?"

Najma alijaza maji kwenye beseni, akarudisha kigari, akaiachia kamba. Kiki akachomeka waya. Diski ilikohoa, ikashika kasi, na chumba kikajaa mlio mmoja mrefu wa kukera meno. Ilikuwa saa nane na dakika tano.

Dakika kumi zilipita. Kisha Kiki akainama na rula yake.

"Sentimita moja."

"Dakika kumi, sentimita moja," alisema Honorine. "Sentimita ine, dakika makumi ine. Toa makumi ine ku saa kumi na dakika kumi. Muntu aliwasha hii machine saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu Abibu alikuwa anainama musikitini. Kama angeiwasha yeye mbele ya kwenda, jiwe ingekuwa imeisha kukatika karibu yote."

Edith alikaa kwenye kiti cha baba yake. Honorine alimwona anahesabu kwa vidole, polepole, akirudia mara mbili.

"Mambo ya bure," alisema Faustin. "Leo uyu mwanamuke aliongeza muchanga. Alipunguza. Nani anayua? Bantu ya Kenya banajua vya kufanya."

"Umeona Kiki anaupima mfuko."

"Kiki ni polisi yako."

"Basi jiwe linakatwa palepale pa samedi, na uzito uleule. Ukitaka twende mara ya pili, ya tatu. Niko na muda," Honorine alidanganya. "Papa Faustin, saa tisa na nusu ulikuwa wapi?"

"Mu ville, mu mujini."

"Na nani?"

"Peke yangu. Ni kosa?"

"Hapana. Unajua kutumia hii machine?"

"Miye?" Faustin alicheka. "Mawe ni mawe, Madame. Muulize bibi yangu."

"Bwana yangu hana mambo na mawe," alisema Edith, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye vidole. "Tangu tuoane hajakanyaga humu. Papa na yeye hawakuwa banaongea sana."

"Sababu ya nini?"

"Sijue. Papa hakusema."

"Iulize famille yako mambo yako," Faustin alifoka, "wacha famille ya bengine! Uliingia humu na dada ya muuaji, unatusimamisha mu kelele, mukwe yangu hajalala ata siku tatu mu udongo! Nitaita avocat. Nitaita general. Saa kumi na mbili hautakuwa na kazi."

"Saa kumi na mbili iko mbali," alisema Honorine. "Sentimita mbili, Kiki?"

"Mbili na nusu, Mama OPJ."

Waliendelea kusimama. Joto la mabati lilikuwa linawashukia vichwani, maji ya kijivu yalikuwa yanaruka na kudondokea viatu vya Faustin vya kahawia, naye akawa anarudi nyuma kila mara kwa kukunja uso, kisha baada ya muda anajikuta amesogea mbele tena. Honorine alihesabu. Alirudi nyuma mara sita. Alisogea mbele mara saba. Saa nane na dakika thelathini na tano simu ya Honorine ilitetemeka: ujumbe wa Commandant kwamba mfungwa anaandaliwa. Aliifunika simu kwa kiganja, akamtazama Najma. Najma alikuwa amesimama kando ya msumeno, mikono mgongoni, midomo inasoma dua bila sauti.

Zilipobaki milimita chache mlio ulibadilika. Ulipanda, ukawa mwembamba. Jiwe lilianza kutikisika ndani ya jiliwa, nusu ya nje ikining'inia kwa uzi wa mwamba tu, na mfuko wa mchanga bado unavuta kwa uzito uleule.

Najma hakuondoa mikono mgongoni.

Faustin alimtazama Najma, akautazama mfuko, akalitazama jiwe. "Shika mfuko," alisema.

Najma aliendelea na dua yake.

"Shika mfuko! Unangoja nini? Itavunjika pa mwisho, itaacha jino ya kutokeza, itaharibika yote!"

Najma alimwangalia tu. Faustin akampiga Kiki kikumbo, akaruka beseni, akaudaka mfuko kwa mkono wa kushoto na kuunyanyua taratibu, kamba ikalegea, kigari kikawa kinatambaa. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeshatangulia chini ya jiwe. Diski ilimaliza kipande cha mwisho kwa upole kabisa, na nusu ya yai ikaketi kwenye kiganja chake bila hata kulia. Kisha, macho yakiwa kwenye jiwe, aliingiza goti chini ya meza na kuigonga swichi iliyofichwa huko. Mota ikanyamaza.

Hakumtazama mtu. Alilizamisha jiwe kwenye beseni, akalifuta kwa shati lake jeupe, akaona bado kuna tope pembeni, akalilamba hapo, akalifuta tena kwa kidole gumba, na kwenda nalo dirishani.

Ndani ya lile donge kulikuwa na mistari ya buluu na kijivu, duara ndani ya duara, myembamba kiasi cha kuchosha macho, na kando kabisa, karibu na ganda, doa moja jekundu lenye kung'aa.

"Edith," alisema. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kwake siku hiyo. "Edith, kuya uone. Angalia iko na jicho! Ah, niliiweka mubaya. Kama ningeigeuza kidogo uku, jicho ingetokea mu katikati."

Maji yalidondoka mezani. Kiki aliacha kuandika, kisha akaandika upesi.

"Uliiweka saa ngapi, Papa Faustin?" aliuliza Honorine.

Faustin aligeuka. Jiwe lilikuwa bado limeinuliwa kwenye mwanga. Alifungua mdomo, akaufunga. Tope la kijivu lilikuwa kwenye ulimi wake, na kwenye kifua cha shati.

"Nilisema... kama mwenye aliiweka angeigeuza."

"Ulisema, 'niliiweka'," alisema Edith.

"Bibi yangu, ni makelele ya machine—"

"Machine ilishazima. Uliizima weye. Na goti. Miye nilizaliwa mu hii nyumba, na siyui swichi iko wapi."

Honorine alimwachia Edith. Ndani ya kazi yake alijifunza kwamba kuna maswali ambayo polisi akiyauliza yanaharibika. Mikono ya Najma ilikuwa bado mgongoni; tangu asubuhi alikuwa ameagizwa kwamba jiwe likifika mwisho asiguse chochote, hata likivunjika vipande.

"Nani alikufunza?" Edith aliuliza.

"Papa yako." Faustin alilishusha jiwe, lakini hakuliweka. "Miaka mbili, wakati ulikuwa unafanya kazi Kolwezi. Kila samedi. Mawe saba tulifungua pamoja. Halafu siku moja nilifungua jiwe ya muntu peke yangu, jiwe moja tu, Edith, sikuweze kungoja, na akanifukuza sawa mbwa. Alisema hatakuambia, ili ndoa isivunjike. Alifuta jina yangu. Mara saba."

"Na samedi?"

"Niliingia ku geti ya nyuma. Nilimuomba. Nikamuambia, Papa, acha nisimame tu, mufungue na miye pale. Akaniambia ii jiwe ni ya kufungua na Abibu, weye si muntu ya kusimama apa." Alilamba midomo. "Malakiti ilikuwa pembeni ya mukono."

"Alikuwa chini," Edith alisema taratibu, "papa yangu alikuwa chini apa, na weye ulisimama dakika makumi ine unaangalia jiwe."

Faustin alilitazama jiwe. Kidole gumba kilikuwa kinazunguka juu ya lile doa jekundu, peke yake, kama mtu anayepapasa kitu cha kwake. Kiki alilitwaa jiwe mkononi mwake, na hapo tu ndipo Faustin alipiga kelele, moja, ya mtu aliyeumizwa. Pingu alizipokea bila kuzitazama.

Saa nane na dakika hamsini na tatu Honorine alipiga simu, akaiweka kwa sauti ya wote.

"Commandant, musimutoe Abibu. Niko na muuaji. Alisema mbele ya bantu ine."

"Honorine, unanichosha. Alishapanda jeep. Moteur inawaka."

"Mumushushe."

"Na plainte? Famille iliandika Abibu. Mi nafuata karatasi. Utaniletea ingine kesho." Nyuma ya sauti yake gari lilisikika linanguruma, na mlango wa bati ukibamizwa.

Najma alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo kwa kitambaa. Honorine alikuwa ameshafungua kinywa atukane, na alikuwa na matusi mazuri ya kutosha, lakini Edith alimpokonya simu mkononi.

"Commandant, ni Edith Mumba. Njo miye nilisaini ile plainte."

"Ah, Madame, pole sana, musisumbuke, sisi—"

"Naiondoa. Mumushushe Abibu, mumupe viatu vyake." Alimtazama Faustin, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na beseni, macho yakilifuata jiwe ndani ya mkoba wa Kiki. "Na ile gari musiizime. Nakuletea bwana yangu."